Mafuta Yalionekana 2006, Petroli Ikakauka 2008

Swali hili tumelisikia kwa wazee wetu mpaka tumelizoea. Kama Uganda ilipata mafuta mwaka 2006, mbona Januari 2008 petroli ilikauka Tororo? Uliza hivyo kwenye kijiwe cha boda pale Molo au Malaba, majibu hayakosi. Mmoja atasema serikali iliyaficha. Mwingine atasema Wazungu waliyabeba usiku. Wa tatu, na huyu huwa na sauti kubwa kuliko wote, atasema hayakuwepo kabisa, ilikuwa siasa tu. Sisi leo tunataka kujibu kwa historia, na jibu letu linapitia kazi moja ambayo shuleni hatukuambiwa habari zake: kazi ya injinia wa rezavoa. Rezavoa ni ule mwamba wa chini unaoshika mafuta. Injinia wake ndiye anayehesabu mafuta kabla hayajatoka, na ndiye anayesema yatatokaje.

Kwanza tuweke mahali sawa. Molo tunayosema ni hii ya wilaya ya Tororo, upande wa mpaka, si Molo ya Nakuru. Lakini mwaka ule Molo mbili zilikutana. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, watu walifukuzwa makwao huko Rift Valley, na Molo ya Nakuru ni moja ya sehemu zilizoumia. Maelfu walivuka Busia na Malaba, wengi wakapelekwa kambi ya Mulanda, hapa hapa Tororo. Baadaye waliobaki wakahamishiwa Kiryandongo. Wengi wetu katika kikundi hiki tulikuwa watoto wadogo saa hiyo, wengine hatukuwa tumezaliwa, na wengine tumekuja miaka ya baadaye kutoka Sudan Kusini na Kongo. Kwa hiyo mambo ya 2008 sisi tumesimuliwa tu.

Petroli ya Uganda haitoki Uganda. Inashuka melini Mombasa, inapita kwenye bomba mpaka Nairobi, bomba lililoanza kazi 1978, na tangu 1994 bomba hilo linafika Eldoret na Kisumu. Huko malori ya tangi yanajaza, yanakuja Malaba na Busia. Kila anayeishi kando ya barabara hiyo anaijua foleni yake. Sasa Januari 2008 barabara zilifungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na kule Kibera reli iling'olewa. Malori yakasimama. Vituo vya mafuta Uganda vikakauka, bei ikapanda sana, na Rwanda na Burundi nao wakaumia maana wote tunakunywa kwa mrija mmoja. Wazee wanasema petroli ya kwenye chupa iliuzwa kama dawa. Na tukiwa hapo hapo: jina boda boda lilitoka huku Busia, kwa baiskeli zilizobeba watu kutoka boda mpaka boda. Mwezi ule wenye baiskeli ndio waliocheka.

Basi watu wakauliza, na walikuwa na haki ya kuuliza: si tulitangaziwa mafuta juzi tu?

Ukweli ni kwamba mafuta ya Ziwa Albert hayakuanza 2006. Watu wa Bunyoro waliyaona yakijitokeza yenyewe kwenye udongo miaka mingi kabla, kwa mfano Kibiro, kijiji cha kina mama wachemsha chumvi. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni, alizunguka huko na ripoti yake kuhusu mafuta ya Uganda ikachapishwa 1925. Mwaka 1938 kampuni moja ikachimba kisima Waki, karibu na Butiaba. Kikaenda chini zaidi ya mita 1,200. Walikuta dalili za mafuta, lakini hawakukipima.

Neno hilo tulishike. Kisima kilionyesha kwamba kuna kitu, lakini kama kitu hicho kinatembea au kimeganda, kama kitajaza pipa au kikombe, hakuna aliyejua. Vita Kuu ya Pili ikaja, watu wakaondoka, na kwa zaidi ya miaka 40 hakuna kazi kubwa iliyofanyika. Miaka ya Amin na vita vilivyofuata, nani angeleta mtambo? Kazi ilianza tena 1983 kwa ndege iliyopima usumaku wa ardhi kutoka juu, halafu serikali ikasomesha vijana wake wa jiolojia. Mmoja wa walioongoza idara hiyo, Reuben Kashambuzi, aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo. Visima vya Turaco kule Semliki, vilivyoanza 2002, vilileta gesi iliyojaa kaboni dayoksaidi, yaani hasara. Mwishowe, Januari 2006, kampuni ya Hardman kutoka Australia ikapata mafuta kwenye kisima cha Mputa-1, sehemu ya Kaiso-Tonya, Hoima. Oktoba mwaka huo Rais Museveni akatangazia nchi.

Hapo ndipo kijiwe kinapofikiri hadithi imeisha. Kwa injinia wa rezavoa ndiyo kwanza inaanza.

Wengi wetu tulidhani mafuta yako chini kama ziwa, unachomeka bomba na kuvuta. Hapana. Chukua ndoo, ijaze mchanga wa Mto Malaba, halafu mwagia maji mpaka yafike juu. Maji huyaoni yakisimama, lakini yapo katikati ya chembe. Mafuta yanakaa hivyo, ndani ya mchanga uliobanwa miaka mamilioni ukawa jiwe. Ule Mwamba wa Tororo unaoonekana toka mbali ni jiwe la volkano, limeshikana sana, hata ungekuwa na mafuta yote ya Arabuni usingeweza kuyaweka ndani yake. Sasa rudi kwenye ndoo. Jaribu kuyatoa maji yale kwa mrija mmoja, bila kumwaga mchanga. Utapata kiasi. Mengine yatabaki yamenata kwenye chembe, na ukivuta kwa nguvu utaanza kuvuta hewa. Injinia anaulizwa: yako mangapi ndani ya ndoo, mangapi yatakubali kutoka, na tuvute kwa mwendo gani tusije tukaharibu? Na ndoo yenyewe haioni. Iko chini mamia ya mita, wakati mwingine kilomita mbili na zaidi. Anachopata ni vipande vya mawe, chupa za mafuta ya majaribio, na vipimo vya presha.

Elimu hii ilianzia kwenye maji ya kunywa. Mwaka 1856 injinia Mfaransa Henry Darcy, aliyeuletea mji wa Dijon maji safi, alichapisha hesabu ya jinsi maji yanavyopita kwenye mchanga. Mpaka leo wanaohesabu mafuta wanaanzia kwake. Na wale wetu tunaojitolea upande wa maji kambini tumeiona kazi hiyo bila kujua jina lake. Kisima cha pampu kikishachimbwa, mafundi hawafungi pampu na kwenda zao. Wanavuta maji saa nyingi mfululizo huku mmoja akipima maji yanavyoshuka, kisha wanazima na kupima yanavyopanda tena. Yakipanda pole pole, wanasema ukweli: hiki ni cha watu wachache, msikikamue. Kisima cha mafuta kinapimwa kwa wazo hilo hilo, ila kinachotazamwa ni presha. Wanakifungua, wanakifunga, wanaangalia presha inavyorudi. Kwa jinsi inavyorudi tu, injinia anaweza kusema mwamba unapitisha vizuri au vibaya, na kama mahali fulani mbele kuna ukuta wa jiwe unaozuia. Sisi hilo lilitushangaza kuliko yote tuliyosoma. Mtu anajua kuna ukuta ambao hakuna mtu ataufikia.

Na kwa nini kazi hii ilikuja kuheshimiwa? Kwa sababu ya hasara. Mwaka 1930 Texas Mashariki, Marekani, lilipatikana shamba kubwa sana la mafuta. Kila mwenye kipande cha ardhi akachimba, kila mmoja akavuta haraka kabla jirani hajamaliza. Bei ikaanguka mpaka senti chache kwa pipa, presha ya chini ikaanza kushuka, na Agosti 1931 gavana akapeleka askari kufunga visima. Mainjinia ndio walioonyesha kwamba kule chini maji yalikuwa yakiyasukuma mafuta, na ukivuta kwa pupa unaua msukumo wenyewe, halafu mafuta mengi yanabaki huko milele. Kutoka hapo kupima presha kukawa ni lazima.

Turudi Uganda. Mwaka huo huo wa 2006, kisima cha Waraga-1 kilipojaribiwa kilitoa zaidi ya mapipa 12,000 kwa siku. Mtu wa kawaida akisikia hivyo anaanza kuhesabu pesa. Injinia anauliza: kwa siku ngapi? Jaribio ni la muda mfupi tu. Kwa hiyo 2008, wakati akina mama wako Mulanda wanapanga foleni ya unga na wenye pikipiki wanatafuta petroli, kule Hoima na Buliisa mitambo ilikuwa inatoboa visima vingine kutafuta mwisho wa mafuta uko wapi, upande huu na upande ule. Kisima kimoja hakikuambii ukubwa wa shamba, kama vile ukichovya kidole kwenye sufuria huwezi kujua itashibisha wangapi. Kwa jumla vilichimbwa zaidi ya visima 100, na vingi sana vilikuta kitu.

Ndipo namba zikaanza kutembea. Mwaka 2012 serikali ilisema mapipa bilioni 3.5. Mwaka 2014 ikasema bilioni 6.5. Chini hakuna kilichoongezeka, ni vipimo vilivyoongezeka. Lakini pamoja na hiyo bilioni 6.5 kulikuwa na namba ya pili ambayo redio hazikuipenda: mapipa yanayotarajiwa kutoka ni bilioni 1.4 hivi. Piga hesabu. Katika kila mapipa 100 yaliyo chini, karibu 22 yatatoka, na 78 yatabaki kwenye mwamba. Kwa maoni yetu uongo mwingi wa kijiweni ulizaliwa hapa, na wanasiasa wameulea. Ni kama mtu akuulize una magunia mangapi ya mahindi, wewe ukamjibu kwa kuhesabu mabua yaliyosimama shambani. Hujasema uongo, lakini hakuna atakayepika mabua.

Kwa nini 22 tu? Sehemu moja ni tabia ya mafuta yenyewe. Mafuta ya Albert yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda, kama Kimbo asubuhi ya baridi. Ndiyo maana bomba linalojengwa kuyapeleka pwani litapashwa moto njia nzima yasishuke chini ya digrii 50. Na kule chini msukumo wa asili hautoshi kwa miaka yote 20 na zaidi ya kuvuta, kwa hiyo injinia anapanga kurudisha msukumo kwa maji. Shamba la Tilenga, la Buliisa na Nwoya, limepangiwa visima zaidi ya 400 kwenye viwanja 31. Usidhani vyote ni vya kutoa mafuta. Sehemu kubwa ni vya kushindilia maji ndani ili yasukume mafuta kuelekea visima vingine, na maji hayo yanachukuliwa Ziwa Albert. Kingfisher, iliyo kando ya ziwa wilaya ya Kikuube, ina mpango wa visima 31, vinavyoanza nchi kavu halafu vinapinda kwenda chini ya ziwa. Nani aliamua kila kisima kianzie wapi na kipinde wapi? Ni wale wale wa presha, wakiwa mbele ya kompyuta. Wakikosea, dola nyingi zinaingia kwenye mwamba mkavu.

Kuna jambo moja linatugusa sisi watu wa mpakani. Mwamba haujui boda. Nusu ya Ziwa Albert ni ya Kongo, na mafuta yaliyo kwenye mchanga yakivutwa upande mmoja yanaweza kusogea kutoka upande wa pili, bila pasipoti. Uganda na Zaire ziliona hilo mapema, zikasaini mapatano 1990 ya kushirikiana kwenye mashamba yatakayovuka mpaka. Karatasi haikuzuia risasi: Agosti 2007 askari walirushiana risasi ziwani na Mwingereza mmoja aliyefanya kazi kwenye kampuni ya mafuta akauawa. Ni ziwa hilo hilo ambalo ndugu zetu wa Ituri walilivuka kwa mitumbwi mwaka 2018, wakifikia Sebagoro, kisha Kyangwali. Ukisimama juu ya ule mteremko, mitambo ya Kingfisher iko chini yako na Kongo iko mbele yako.

Kenya nayo ina hadithi yake, tunaipitia haraka. Ngamia-1, Turkana, Machi 2012. Watu walicheza barabarani. Kampuni ikataja mapipa milioni 560 yanayoweza kutoka, ambayo ni machache kuliko ya Uganda. Kuanzia 2018 mafuta ghafi yalibebwa kwa malori kutoka Lokichar mpaka Mombasa, meli ya kwanza ikaondoka Agosti 2019, mwaka uliofuata malori yakasimama. Ndugu zetu wa Kakuma waliyaona malori hayo yakianza na wakayaona yakiisha.

Sasa tuseme ukweli wote. Si kila mwaka wa kuchelewa Uganda ulikuwa wa injinia. Miaka mingine ilikwenda kwenye kesi ya kodi kati ya serikali na kampuni ya Heritage. Mingine ilikwenda kwenye ubishi wa njia: bomba lipite Kenya mpaka Lamu, au Tanzania? Mwaka 2016 Uganda ikachagua Tanga, kilomita 1,443 kutoka Hoima. Mwaka 2020 Tullow ikauza sehemu yake kwa Total na kuondoka. Uamuzi wa mwisho wa kuweka pesa ulisainiwa 1 Februari 2022, miaka 16 baada ya Mputa. Lakini bila hesabu ya chini, hakuna benki ingetoa hata shilingi, maana hakuna anayejenga bomba la kilomita 1,443 kwa ajili ya kitu kisichojulikana kitadumu miaka mingapi.

Kwa hiyo jibu la kijiweni ni hili: 2008 mafuta yalikuwepo, hayakufichwa, hayakubebwa. Yalikuwa yamekaa kwenye mchanga wa mawe, yana nta, na waliokuwa wakiyahesabu walikuwa hata hawajafika nusu ya hesabu.

Vijana wa Kiryandongo wana bahati moja, na si wote wanaijua. Chuo cha mafuta cha Uganda kilifunguliwa 2009 Kigumba, wilaya ile ile ya Kiryandongo, si mbali na makazi yetu. Kinafundisha ufundi: kuchomelea, kuendesha mitambo, mambo ya visima. Uinjinia wa rezavoa wenyewe unataka chuo kikuu, fizikia na hesabu nyingi, na nafasi zake ni chache kila mahali duniani. Tunalisema kwa sababu kuna watu wanapita wakiuliza pesa kidogo ili wakupeleke kazi ya mafuta Hoima. Kazi nyingi za huko ni za ujenzi, zinaisha viwanja vikiisha, na sheria ya mafuta ya 2013 inatanguliza raia wa Uganda. Sheria ya Wakimbizi inaturuhusu kufanya kazi, hiyo ni kweli, na kwa bahati ni ya 2006 pia, mwaka wa Mputa. Lakini kuruhusiwa si kutangulizwa. Mtu akikuomba pesa ya nafasi, muulize ni kazi gani, kwenye kiwanja gani, mkataba wa miezi mingapi. Wengi wanaishiwa maneno hapo.

Na hata mafuta ghafi yakianza kwenda Tanga, petroli ya Molo itaendelea kuja kwa malori kupitia Malaba na Busia, mpaka siku kiwanda cha kusafisha mafuta cha Hoima kitakapojengwa na kuanza kazi. Mipango inasema mapipa 60,000 kwa siku. Barabara ya Kenya ikifungwa kesho, sisi huku tutarudi kwenye baiskeli.

Wenye wazazi waliopita Mulanda, waulizeni chupa ya petroli ilikuwa shilingi ngapi Januari ile, na nani alikuwa anauza. Tuandikieni hapa chini, tunakusanya.